Goti Langu na Nyonga za Mtasema

9 Machi, Jumapili

Mimi Anselmi, mkulima wa karoti huku milimani juu ya Bigwa, nina miaka sabini na nane. Kaka zangu wote nimewazika. Mapadre waliobatiza wanangu nimewazika. Maporomoko yameshusha mashamba ya majirani mpaka mtoni, langu likabaki limeshikilia mlima. Hata yule daktari aliyenikataza kupanda mlima kwa ajili ya moyo, yeye ndiye katangulia, na mazishini kwake nilikwenda kwa miguu. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na mwalimu alisema hajawahi kuona mwanafunzi kama mimi. Paskalia mke wangu anasema mwalimu hakusema kwa kunisifu. Aseme.

Naandika kwa sababu nimegundua dawa, na nisipoandika mwingine atasema ni yake.

Dawa ni ya mbwa wangu, Mtasema. Jina hilo nilimpa akiwa mdogo, maana watu wa huku lazima waseme tu. Sasa ni mzee. Ndiye mlinzi wa karoti zangu, na nguruwe pori wa msitu wa juu wanamjua. Lakini tangu masika ianze kunukia, asubuhi hanyanyuki. Anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inamfuata kama si yake. Kupanda tuta anafikiria kwanza. Ukimgusa nyonga analia. Na bila mbwa hapa hakuna karoti, na bila karoti sijui mimi ni nani.

Goti langu nalo linauma, ila lina vidonge vyake, diklofenaki, nanunua duka la dawa nikishuka mjini. Jana nikawaza: mimi na yeye tunapanda mlima mmoja, tunanyeshewa mvua moja, tumezeeka pamoja. Kinachonisaidia mimi kitashindwaje kwake? Leo baada ya misa nimeficha kidonge kizima kwenye tonge la ugali na dagaa. Kameza hata hajatafuna.

10 Machi

Kaamka kabla yangu. Kasimama mlangoni, mkia unacheza. Paskalia kaona kwa macho yake.

11 Machi

Mvua. Kidonge.

13 Machi

Mtasema kamfukuza nguruwe pori mpaka kwenye migomba ya Tomasi. Tomasi ni jirani, ndiye mwenye mizani pale wanunuzi wa mboga wanapofika na magari. Kaniuliza, "Mzee, huyu si ndiye alikuwa hatembei?" Nikamwambia kuna waliosoma na kuna wanaojua.

16 Machi, Jumapili

Baada ya misa watu wameniuliza habari za mbwa. Nimewaeleza kirefu. Paskalia alitangulia nyumbani.

19 Machi

Hajala. Mbwa naye ana siku zake.

22 Machi

Katapika kwenye gunia analolalia. Paskalia kasimama na kijiti, anachokoa matapishi kama kapoteza pete humo.

"Baba Esther, ni hivyo vidonge."

"Ni panya. Kala panya aliyeoza."

"Umemwona akila panya?"

"Na wewe umekiona kidonge kikimtapisha?"

Kalichukua gunia, kaenda kulifua. Nilifurahi kwamba nimeshinda.

24 Machi

Nyonga zimeanza kumuuma tena. Nimempa viwili, asubuhi na jioni. Maumivu yakikaza na wewe unakaza.

25 Machi

Mvua mchana kutwa. Palizi hakuna.

27 Machi

Leo nimeona kinyesi chake nyuma ya banda. Cheusi, kinang'aa, kama lami mpya ya barabara ya Dodoma. Nimekifukia kwa jembe kabla Paskalia hajatoka jikoni. Sijui kwa nini nimekifukia.

28 Machi

Paskalia kafukua.

30 Machi, Jumapili

Leo sina budi niandike sana, maana nimefanyiwa kitu nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilikuwa barazani, Mtasema kalala miguuni, hainui kichwa hata kuku wanapita juu yake. Nikasikia mwanamke analia njiani, kilio cha msiba kabisa.

"Mtasema wangu weee! Kaondoka kijana mbichi! Nguruwe kawaachia nani weee!"

Nikajua ni Mwamvita. Huyu ni mtani wangu. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu kwa mababu. Msibani kwetu wao wanaruhusiwa kusema lolote, kumwigiza marehemu, na kubeba wanachotaka. Ukimkasirikia mtani, kosa ni lako na faini ni yako. Mchana kutwa anauza mboga, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

Kaja kajifunga kanga kiunoni, kajibwaga mlangoni.

"Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti hapa. Mbwa yu hai."

"Yu hai? Basi nimewahi. Napenda kufika kabla chakula cha msiba hakijaisha."

Akainuka, akaanza kuchechemea uani kama mimi, mkono mgongoni, tumbo mbele. Akaokota kijiwe, akakiinamia kisiki. "Meza, baba, meza. Huyu hapa ni Daktari Anselmi, kasoma ukubwani, mwalimu wake alilia." Paskalia akakimbilia jikoni, mabega yanamtikisika.

Nikacheka kidogo. Ungefanyaje?

Kisha akachuchumaa kwa Mtasema, akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Hapo akaacha mchezo, nami sikupenda alivyoacha.

"Mtani, huyu anakufa kweli."

"Kala panya."

"Kala goti lako. Unamlisha goti lako kila siku."

Akaingia ndani, ndani kwangu, akatoka na kopo langu la vidonge. "Msibani mtani anachukua anachotaka. Mimi nachukua hili."

"Hiyo ni dawa yangu mimi!"

"Kasirika basi. Kasirika, nikaite watu waje waone Anselmi kamkasirikia mtani wake. Nina hamu na beberu lako siku nyingi."

Nimekaa chini. Akaondoka na kopo, analitikisa kama kayamba, mpaka kwenye kona ya njia.

Nimewaza nani alimwita. Wanangu wasingethubutu kunigusia dawa. Tomasi ningemfukuza. Padre ningembishia. Paskalia kamtafuta mtu mmoja tu hapa mlimani ambaye siwezi kumfukuza. Tumeoana miaka hamsini, leo ndiyo najua mke wangu ana akili ya vita.

1 Aprili

Mwamvita karudi na daktari wa mifugo, binti anaitwa Winfrida, ana duka lake la dawa za wanyama Bigwa. Njia imebomoka, pikipiki hazipandi, wamekuja kwa miguu. Mabuti yake mapya, yamejaa tope mpaka ndani. Nikasema moyoni, huyu atamaliza kwa kulia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umefika hapa kumwona mbwa au kumwona Mwamvita akisema?"

"Vyote viwili, babu, ila Mwamvita nimemwona njia nzima."

Kapiga magoti kwenye tope bila kutafuta kitu cha kukalia. Kamshika tumbo, kamwangalia ufizi, kamkunja mguu wa nyuma taratibu sana, na Mtasema akamlamba mkono. Mimi hanilambi siku hizi.

"Babu, umempa nini?"

"Chakula."

Mwamvita akatoa kopo kwenye kanga.

"Vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

"Kilianza kimoja," Paskalia akasema kutoka jikoni.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema dawa hii kwa mtu inaweza kufaa, nayo kwa utaratibu, lakini kwa mbwa inachubua tumbo mpaka linavuja damu. Damu ikishuka ndiyo inatoka nyeusi vile. Na ikiendelea, figo zinagoma, na figo zikigoma hakuna la kufanya.

"Mbona alipona? Alikimbiza nguruwe!"

"Hakupona, babu. Maumivu yalinyamazishwa, tumbo likawa linaumia kimya."

"Na panado? Na ile ibuprofeni?"

"Babu, usiifungue kabati yako ya dawa kwa ajili ya mbwa. Hata kidogo."

Kamchoma sindano, kamwekea maji chini ya ngozi mpaka akavimba begani kama nundu ya ng'ombe. Kaacha dawa ya kulinda tumbo. Anasema angependa amlaze kwake Bigwa, ila kumshusha kwa njia ile, hali hii, atakufia mikononi mwa watu. Kisha kasema ipo dawa ya viungo ya mbwa wenyewe, meloksikamu, inatuliza uvimbe na maumivu, lakini si leo. Kuiweka juu ya tumbo hili ni kummaliza. Kwanza tumbo lipone.

"Ana kilo ngapi?"

"Arobaini."

Akamtazama Mtasema, akanitazama mimi. "Huyu?"

"Amekonda juzi tu."

"Babu, hiyo dawa inapimwa kwa kilo. Ukizidisha, tunarudi hapa hapa tulipo leo. Mtampima kwa mizani kabla ya tone la kwanza."

Akiwa anakunja vitu vyake akaniuliza, "Na tumbo lako wewe, likoje?"

"Sina tumbo linalouma."

"Anakunywa maji ya majivu kila jioni kuzima kiungulia," Paskalia akasema.

"Mimi ni daktari wa wanyama, babu, siwezi kukutibu. Nenda zahanati."

Mwamvita akasema, "Mtibu tu, daktari, tofauti ni mkia."

2 Aprili

Hajafa.

3 Aprili

Kanywa mchuzi, Paskalia kampa kwa kijiko. Mimi nilishika kichwa.

6 Aprili, Jumapili

Sikwenda misa. Nimekaa naye. Kinyesi kina rangi ya kinyesi. Nimemwita Paskalia aje aone, naye kaja mbio na unga mikononi, tukasimama wote wawili tunakitazama.

10 Aprili

Goti langu. Mwamvita karudishiwa kopo na daktari na hataki kunipa. Anasema ni urithi. Mvua haikatiki, baridi ya ukungu inaingia kwenye mfupa kama maji kwenye ukuta wa udongo. Mtasema naye hivyo hivyo. Asubuhi tunaanza pamoja, mimi nashika mlango, yeye anajivuta. Nani atasimama kwanza? Leo ni mimi, kesho sijui.

Zamani nilidhani mbwa akinyamaza haumwi. Sasa namwona anavyojilamba goti mpaka manyoya yameisha, anavyochagua upande wa kulala, anavyonitazama kabla ya kuinuka kama anauliza kama kuna sababu.

13 Aprili, Matawi

Nguruwe wameingia. Karoti mistari mitatu. Mtasema alisikia, akabweka amelala.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua. Tumefunga. Mtasema kala kwa niaba yetu.

22 Aprili

Njia imetengenezwa kidogo, pikipiki zinafika kanisani. Daktari Winfrida kapanda tena. Kamwangalia ufizi, kasema sasa ni wa mbwa aliye hai. Tumbo limetulia. Kaacha chupa ndogo ya dawa ya maji, tamu kidogo harufu yake, na bomba lisilo na sindano. Bomba lina mistari, na mistari ni kilo za mbwa. Mbwa wa kilo kumi unavuta mpaka kumi. Mara moja kwa siku, pamoja na chakula, si tumbo tupu, na asipewe dawa nyingine yoyote ya maumivu. Akitapika, akikataa chakula, au ile rangi nyeusi ikirudi, uache siku ile ile, upige simu.

"Mpimeni kwa Tomasi, unipigie mwenyewe uniambie, ndipo uanze."

"Nilishakwambia arobaini."

"Nimesikia, babu. Sasa nataka kuisikia mizani."

23 Aprili

Sitampeleka. Pale kwa Tomasi wanakaa watu wote, wabeba mizigo, wanunuzi wa kutoka mjini, na hao ndio niliowaambia kwa mdomo wangu mbwa wangu ni kilo arobaini. Niliwaambia anamkamata nguruwe sikioni.

Paskalia: "Basi mpe dawa ya arobaini."

Mimi: "Nitampa."

Paskalia: "Mpe."

Chupa iko juu ya kabati. Sijampa.

24 Aprili

Nimevuta mpaka arobaini. Bomba limejaa karibu lote. Nimelishika muda mrefu. Mtasema kakaa ananisubiri, kafungua mdomo mwenyewe, maana sasa kazoea kupewa vitu. Nimeirudisha dawa kwenye chupa.

25 Aprili

Nguruwe wamerudi alfajiri. Mtasema alitaka kushuka kuwafuata, miguu ya nyuma ikamwacha, akaanguka kwenye mfereji wa maji kati ya tuta na tuta. Alilia kwa nguvu mpaka nguruwe wenyewe wakakimbia. Nikashuka na goti langu, nikamwinua kwa mikono miwili, nikamweka kifuani.

Sasa nisikilizeni. Mimi tangu kijana nimebeba karoti. Ukinipa gunia nalinyanyua mara moja nakwambia kilo zake, na Tomasi akipima anakuta nilichosema. Hilo hakuna mtu mlimani anayebisha. Na pale mferejini, na tope mpaka mapajani, mikono yangu ikaniambia. Siyo arobaini. Hata nusu yake sina uhakika.

Nimesimama pale na mvua inanipiga. Ama mikono yangu ni ya uongo, ama mdomo wangu.

26 Aprili, Jumamosi

Nimempeleka. Siku ya soko, ningechagua siku nyingine ningekosa moyo.

Nilimbeba kwenye tenga la kabichi mgongoni, Paskalia nyuma anashikilia. Watu wakaanza mapema. "Mzee analeta karoti zenye masikio!" "Tomasi, hiyo ni ya kusafirisha au ya kula hapa?" Mnunuzi mmoja wa mjini akasema, "Babu, hiyo mali naichukua kwa bei ya jumla." Nikapita katikati yao sikujibu, na mimi kutojibu kila mtu alishangaa.

Mizani ya Tomasi ni ya kuning'iniza, ndoano kwenye boriti. Tukamweka Mtasema kwenye kiroba kisafi, kichwa nje. Alipoanza kunyanyuliwa nyonga zikamkunjika, akalia, watu wakacheka zaidi. Hapo Mwamvita akatoka kwenye mboga zake. Nikasema basi, leo nimekwisha, huyu ana ruhusa ya kunivua nguo mbele za watu. Akaja, akaingiza mikono chini ya kiroba, akamshika nyonga zile mpaka kamba ilipokaza, ndipo akaachia taratibu, kidogo kidogo, asiruke. Hakusema neno. Mwamvita, kimya.

Mshale ukacheza, ukatulia. Tomasi akausoma, akanitazama mimi badala ya kutangaza. Ni mtu mwema, alitaka kuninong'oneza.

Nikatoa simu, nikampigia daktari pale pale.

"Shikamoo babu. Umempima?"

"Nimempima."

"Kwa mizani au kwa mdomo?"

Watu wote walikuwa wamesogea sasa, hata wabeba mizigo. Simu yangu ina sauti kubwa, wote walisikia swali.

"Kwa mizani," nikasema, nikasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Kilo kumi na tisa!"

Mtu akaguna nyuma. Mwingine akaanza kucheka, na Mwamvita akamgeukia: "Wewe unacheka nini, wewe mzito kilo ngapi za akili?"

"Kumi na tisa," daktari akasema. "Asante babu. Kesho na chakula, mpaka mstari wa kumi na tisa, usipite."

Nilimbeba kurudi. Alikuwa mwepesi njia nzima.

27 Aprili, Jumapili

Mstari wa kumi na tisa. Ni kidogo sana. Yaani kidogo sana. Nimekitazama hicho kidogo, nikafikiria ile arobaini niliyoishika juzi mkononi, ndipo nikampa.

29 Aprili

Kala. Hajatapika.

2 Mei

Leo kasimama mara moja. Si kama siku zile za vidonge, si kwa kuruka. Kasimama kama mtu aliyelala vizuri.

5 Mei

Nimekwenda zahanati. Wamesema tumbo langu limechubuka nalo, niache vile vidonge, wamenipa dawa ya tumbo na ya kupaka gotini. Nimepaka. Mtasema akaja kunilamba goti, Paskalia akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nimevaa suruali ndefu tangu hapo.

11 Mei, Jumapili

Mvua zinapungua. Daktari anasema tusimrushe matuta, tumtengenezee njia ya mteremko. Nimechimba njia ya mteremko mpaka tuta la tatu. Huku hakuna mtu mwenye njia ya mbwa. Mimi ninayo.

19 Mei

Ukungu. Kumi na tisa.

31 Mei

Masika imekwisha. Karoti zilizobaki tunang'oa wiki hii, ni chache.

Mtasema anashuka mpaka tuta la tatu, la nne haendi, nami simwiti. Nguruwe wakija anabweka amekaa, na Tomasi akimsikia anawasha tochi kutoka kwake. Asubuhi anafika kwenye sahani kabla sijafungua chupa. Daktari kasema viungo vya uzee havirudi ujana, vinatulizwa tu, kila siku, kwa kipimo, na iko siku kipimo nacho hakitatosha. Siku hiyo nimwite yeye, nisimwite mwingine. Nimekubali.

Haya yote ni kweli. Asiyeamini amuulize Paskalia, aliyeona mwanzo mpaka mwisho. Amuulize Tomasi aliyesoma mshale, na Daktari Winfrida wa Bigwa aliyesikia kilo kwa sikio lake. Mwamvita atawaambia ilikuwa kumi na nane, na kwamba nililia. Ni mtani, ana haki ya kusema lolote. Lakini yeye ndiye aliyemshika mbwa wangu nyonga asiumie mbele ya watu, kwa hiyo hata yeye muulizeni, na akisema nililia, msimbishie.